Nukta Mahali pa Jina

Mimi si mtu wa kungoja. Mama yangu mzazi alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajaweka kikapu chake chini, na tangu siku hiyo sijatulia. Basi fikiria mtu wa namna hiyo akiambiwa akae Busibwabo, kwenye boma la wakwe, palizi ya pamba hadi palizi ya pamba, akingojea karatasi ya kumruhusu kwenda kuishi na mume wake.

Mume wangu aliondoka miaka michache baada ya Uhuru, kwenda Uingereza kusomea mambo ya mabomba na maji. Tulikuwa tumeoana kimila. Ng'ombe walishafika kwa baba, wazee walishakunywa, na kwa padri tulikuwa tumepangiwa Desemba, lakini nafasi ya masomo ikaja Septemba. Tuliishi pamoja miezi minne. Miezi minne, halafu mwaka na nusu wa barua za ndege, zile za karatasi nyembamba ya samawati. Barua za kwanza zilijaa maandishi mpaka kwenye kunjo la kufungia. Za baadaye zilianza kubaki na nafasi nyeupe chini ya sahihi, na mimi nikawa naipima ile nafasi kwa vidole. Vidole viwili, vitatu. Ilipofika vinne niliogopa kweli, maana niliona nisipokwenda nitabaki mke wa picha ya ukutani.

Ndipo ikaja barua yenye habari. Chuo kilikuwa na nyumba chache za wanafunzi wenye wake, naye amepewa moja. Watamshikia mpaka masomo ya mwaka mpya yaanze. Nisipokuwa nimefika, atapewa mwingine. Aliniorodheshea kila kitu: picha mbili bila kitambaa kichwani, sindano ya homa ya manjano, viatu vya kufunika vidole. Kwanza pasipoti. Na kwa kuwa hatukuwa na cheti, ili niandikwe kama mke wake ilibidi niape ndoa yangu kwa mdomo wangu mbele ya afisa wa serikali Busia. Karatasi hizo ndizo zingepelekwa Nairobi kuombewa viza. "Maswali yao ni ya kawaida tu," aliandika. "Usiogope." Mwanamume aliyezaliwa na kulelewa Bukhayo ndiye aliyeandika hivyo. Nadhani baridi ya kule ilikuwa imeshamwingia kichwani.

Kwetu, mwanamke aliyeolewa hamtaji baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja huchepuka, hapokei kitu mkononi mwake, na jina lake halipiti mdomoni mwa mkamwana hata kwa bahati mbaya. La baba mkwe wangu lilinisumbua zaidi kwa sababu lilikuwa pia jina la majira fulani ya mwaka. Hata hayo majira nikawa nayazunguka. "Ule wakati," nilikuwa nikisema sokoni, "ule wakati wa baada ya mvua kubwa," na wanawake wenzangu wakanielewa na kunicheka. Na mume wangu, kama wasomi wote wa siku zile, alikuwa amejiandikisha shuleni kwa jina la ubatizo na jina la baba yake. Kwa hiyo jina kamili la mume wangu mwenyewe sikuweza kulisema. Juu ya barua zangu niliandika lile la ubatizo, kisha herufi moja na nukta. Barua zilifika. Posta ya Waingereza haikuniuliza swali.

Fomu ya serikali nayo nikaijaza vivyo hivyo, kwa moyo mweupe kabisa. Jina la mume: la ubatizo, herufi, nukta. Jina la baba wa mume: herufi, nukta. Nikaikunja, nikatembea mpaka Busia nikiwa na kikapu na viatu vyangu vya kufunika vidole, ambavyo nilivivaa nilipofika mjini.

Karani alikuwa kijana wa sehemu za Mlima Kenya, ndiyo kwanza ameletwa kwetu. Shati lake lilikuwa jeupe, na mkononi alishika penseli nyekundu ambayo niliichukia tangu nilipoiona.

"Mama, hapa umeandika nini?"

"Jina la mume wangu."

"Hii ni nukta. Nukta si jina. Hii herufi ni ya nini?"

"Ya baba yake."

"Haya. Baba yake anaitwa nani?"

Nikageuka. Nyuma yangu kwenye benchi walikaa watu wengine wenye shida zao, na mmoja wao alikuwa mzee Mwislamu mwenye duka la vitambaa karibu na soko. Wote walikuwa wakisikiliza.

"Ni yule mzee wa reli," nikasema. "Wa kule Malaba."

"Mimi sijauliza kazi."

"Ni mrefu. Kidole chake kimoja kimekatika."

"Mama, huyu ni mkwe wako ama ni mtu unataka polisi washike?"

Benchi zima likacheka. Karani hakuwa mtu mbaya, naona sasa. Alikuwa na rundo la karatasi na mchana mmoja. Akanisukumia fomu. "Kama ni ngumu kusema, basi andika." Nikaishika kalamu. Nikaandika ile herufi, na mkono wangu, wenyewe tu, ukaweka nukta. Nilijaribu tena pembeni. Herufi, nukta. Jasho lilikuwa limeanza kulowesha karatasi.

Karani akaegemea kiti. "Wewe ni wa huku ama wa ng'ambo ya mpaka?"

Mimi nami, kwa ujinga wangu wa kusema kweli, nikamwambia kwamba baba ni wa huku lakini mama alizaliwa ng'ambo. Kwetu hilo si jambo. Mpaka umepita katikati ya mashamba ya watu, na shangazi anaweza kuwa Uganda na jiko lake unaliona. Lakini yeye alikuwa mgeni, na nilimwona usoni jinsi alivyolichukua.

"Wengi wanakuja hapa wakisema ni mabibi za watu wako Ulaya," akasema. "Na huyu hata hajui jina ya mkwe."

Yule mzee wa duka akashindwa kuvumilia. "Bwana karani, hawa hawataji wakwe zao. Ni heshima yao."

"Ni heshima mzuri, mzee. Lakini hiki ni kiapo, na kiapo ni ya mdomo yake mwenyewe. Mtu mwingine hawezi kumsemea." Akaandika kwa penseli nyekundu kwamba mwombaji hajathibitisha ndoa. "Mama, ukikumbuka, rudi."

Ukikumbuka! Nilitoka pale nimewaka hasira kiasi cha kusahau kikapu changu chini ya benchi, na sikurudi kukichukua. Ningerudi vipi?

Mama mkwe alikuwa nyuma ya nyumba akianika muhogo. Nilimweleza yote, nikidhani atasikitika pamoja nami. Alisimama, akajifuta unga mikononi, akanishika mabega. "Umeniheshimu mbele ya serikali," akasema. "Wengine wangelitapika hilo jina kwa ajili ya safari." Siku hiyo alinipikia omena, dagaa wa Sio Port, na ugali wa mtama, akanipakulia kwanza mimi. Kesho yake alikuwa ameshawaeleza majirani, na ilipofika Jumapili boma kwa boma nilikuwa mkamwana wa mfano. Wasichana waliokaribia kuolewa waliletwa wanisalimie.

Nilikuwa karibu kupasuka. Heshima ile ile iliyonipa sifa Busibwabo ndiyo iliyokuwa inanipotezea mume Uingereza, na hakuna aliyeona ubaya wa jambo hilo isipokuwa mimi. "Haraka haraka haina baraka," mama mkwe alikuwa akiniambia kila aliponiona nimesimama njiani nikitazama upande wa mjini. Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, nilijibu, lakini moyoni tu. Sikuweza kukaa. Nilipalilia mstari mmoja mara mbili, na mara ya pili niling'oa pamba nikaacha magugu. Nilikwenda Posta siku ambazo nilijua kabisa barua haziji. Nilimkasirikia karani, nikamkasirikia mama mkwe na furaha yake, nikamkasirikia zaidi mume wangu kwa kuzaliwa na baba. Halafu ikaja barua nyingine. Chini ya sahihi, vidole vitano.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia mama mkwe naenda kumwona mgonjwa, nikapanda lori la pamba mpaka Malaba.

Baba mkwe alikuwa kwenye gengi la reli, wale wanaokaza mataruma na kung'oa nyasi, na aliishi katika nyumba za wafanyakazi karibu na stesheni. Nyumbani alikuja mwisho wa mwezi. Aliponiona kwa mbali akafanya kama inavyopasa: akachepuka. Nikamwona anapotelea nyuma ya nyumba yake. Pale mbele alikuwapo mwenzake wa kazi, Mteso mmoja, mtu wa kabila la Iteso, mnene, mwenye kikombe cha bati cha chai, nikamwendea huyo.

"Mzee, mwambie aliye nyuma ya nyumba kwamba nina shida."

Basi tukakaa hivyo. Mimi upande huu wa ukuta, baba mkwe upande ule, na Mteso amesimama kwenye pembe akituona wote wawili. Kila mmoja wetu alisikia kila neno la mwenzake, lakini yule bwana alirudia yote kutoka huku kwenda kule kwa Kiswahili chao cha reli, na naamini hakuwahi kufurahia chai yake kama siku ile.

Nikaeleza ofisi, nukta na penseli nyekundu.

"Mwambie mama," baba mkwe akasema, "foromani anaita mimi hiyo jina kila asubuhi, tena na matusi juu yake, na sijakufa."

"Anasema foromani anamwita kila siku na hajakufa."

"Mwambie kwamba foromani hakuolewa bomani kwake," nikasema.

Ukuta ukacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia baba mkwe akicheka, na ilinivunja nguvu. Alipouliza, kupitia kwa yule mwenzake, mtoto wake anasemaje huko aliko, sikuweza kusema anasalimia wote kama ilivyo desturi. Nilisema barua zinakuwa fupi. Nilisema, mbele ya mwanamume nisiyemjua, kwamba ninaogopa kuachwa, kwamba nyumba watapewa wengine na mimi nitazeeka nikipimapima karatasi. Nililia kwa sauti. Mteso akaacha kurudia maneno, akatazama ndani ya kikombe chake.

Baba mkwe akasema polepole, "Mwiko ukivunja, inakukata. Lakini mwenyewe anaweza kufungua." Akaeleza kwamba zamani, mzee akiugua na nyumbani hakuna wa kumuuguza ila mkamwana, alikuwa akimfungulia. Humpa kitu kwa mkono wake mwenyewe, mkamwana humwita, mzee huitika. Ikishakuwa hivyo, jina liko huru kwa huyo mkamwana. "Mimi si mgonjwa," akasema. "Lakini kijana yangu iko peke yake. Hiyo pia ni ugonjwa."

Akazunguka pembe ya nyumba. Nilitaka kukimbia. Karibu miaka miwili nikiwa bomani kwake sikuwahi kumtazama usoni, na sasa nilimwona: yalikuwa masikio ya mume wangu, na ule mkunjo wa mume wangu katikati ya nyusi, juu ya uso wa mzee aliyechoka. Alikuwa ameshika kuku jike mwekundu, miguu imefungwa kwa katani. Akaninyoshea. Nikapokea, na vidole vyetu vikagusana.

"Niite."

Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Nikajaribu mara ya pili, ikatoka hewa tupu. Mara ya tatu nikaanza kukohoa.

"Mama," akasema Mteso kwa upole, "kuku anachoka."

Nikamwita. Nililitamka jina lote, wazi, nikimtazama. Yeye akakaa kidogo, kisha akaitika, "Naam," kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kwake. Halafu akatazama viatu vyake, akachukua nyundo yake, akaenda zake relini.

Niliogopa kwamba nikilala na lile jina litarudi kujificha, basi sikupita nyumbani. Nilipata lori la kurudi Busia, nikaingia ofisini kabla hawajafunga, vumbi mpaka kope, kuku kwapani.

"Mama, hapa si soko," akasema karani.

"Najua. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Niulize baba mkwe wangu anaitwa nani."

Akaniuliza. Nikalisema kwa nguvu mpaka watu wa benchi wakageuka. Akaandika, akataka nirudie kwa kiapo, nikarudia, kuku akinikwaruza mbavu. Mwishoni akanisomea fomu yote ili niweke sahihi, na alipofika kwenye jina langu mimi mwombaji akasoma langu la ubatizo, halafu lile la baba mkwe. Nilishtuka. Katika kuhangaika kote sikuwa nimefikiri kwamba nikishalitaja nitapewa nilivae. Nilitia sahihi, na sikuweka nukta popote.

Kikapu changu alikuwa amenitunzia nyuma ya kabati. Nilimshukuru, nikamtia kuku ndani yake.

Yaliyofuata yalikuwa ya kungoja tena, na sitayasimulia kwa sababu hata kuyakumbuka kunaniwasha miguu. Pasipoti ikaja. Nairobi wakauliza jambo, nikajibu, wakauliza jingine. Wiki chache kabla ya masomo kuanza, bahasha ikafika yenye pasipoti yangu na muhuri wa ruhusa ndani. Niliusoma muhuri ule nikiwa nimesimama katikati ya barabara mpaka mwenye baiskeli akanipigia kelele nimpishe.

Mama mkwe alikuwa hanisemeshi. Nilimweleza ukweli siku ile ile niliporudi na kuku, naye akamtazama kuku, akaingia ndani. Alinipakulia chakula kila siku, akaniwekea maji ya kuoga, lakini neno hakuna. Nilimwelewa. Alikuwa amenisifu kwa maboma yote yale, na sasa ilibidi apite mbele ya maboma hayo hayo. Nilimsikia akimwambia jirani kwamba afadhali ningevunja chungu, maana chungu hununuliwa kingine. Iliniuma, na nilikasirika pia, kwa sababu mwenye jina mwenyewe alikuwa ameniruhusu. Yeye ni nani wa kunikataza?

Asubuhi ya safari nilimkuta ameshajitwika sanduku langu kichwani, anangoja njiani. Tulitembea mpaka Busia, yeye mbele, mimi nyuma, bila kuongea. Basi la Kisumu lilikuwa linapakia. Akashusha sanduku, akaliweka vizuri ili lisiingie tope, akasimama akitazama magurudumu.

"Ulimwita kweli?" akauliza.

"Nilimwita, mama."

"Huku anakutazama?"

"Huku ananitazama."

Akakaza lesso kiunoni, akailegeza, akaikaza tena.

"Aliitikaje?"

Sikutegemea swali hilo. Nikamwambia aliitika naam, kwa sauti ndogo. Kwamba alingoja kidogo kwanza, kama mtu anayetaka kuhakikisha ni yeye aliyeitwa.

Mama mkwe akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nimekaa naye tangu nikiwa msichana," akasema. "Baba watoto, baba watoto, basi. Sijawahi kumwita. Tangu mama yake azikwe, hakuna mwanamke amemwita yule mtu." Dereva akawasha injini. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nenda. Na huyo wako asikae huko bila mtu wa kumwita."

Nilipata kiti cha dirishani upande wake. Alikuwa bado amesimama pale pale. Nilimwona midomo ikisogea, ikakoma, ikasogea tena, lakini injini ilikuwa inanguruma na sikumsikia.